Handaki Lililofunguka Kwenye Simu ya Mama

Jumamosi. Ukungu umeshuka tangu alfajiri na mpaka sasa jioni haujaondoka. Kutoka dirishani naona mikorosho miwili tu ya uani, mingine yote imemezwa. Baridi ya Newala msimu huu ni ile ya kuvaa sweta juu ya sweta na bado vidole vinaganda kwenye kibodi.

Lakini kifua changu ni chepesi. Naandika haraka kabla sijauzoea wepesi wenyewe.

Shajara, leo nilikaribia kufa kwa aibu. Sikufa. Ngoja nikueleze.

Kwanza, kwa yeyote atakayefika kwenye blogu hii bila kunijua: humu najiita Zawadi, na si jina langu. Nimemaliza kidato cha nne, nasubiri kupangiwa shule ya kidato cha tano. Nyumbani tuko wawili, mimi na mama, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi. Majina ya watu wote nimeyabadilisha. Ya miji nimeyaacha, maana Newala siwezi kuiita kitu kingine.

Mimi ni mtu wa aibu. Sisemi ile aibu ya msichana kuinamisha macho mbele ya wageni, ambayo huku tunasifiwa nayo. Yangu ni ya koo kufunga kabisa. Nilipoanza darasa la kwanza mwalimu wangu alimwita mama pembeni akamwuliza kwa upole kama mimi ni bubu. Mama alimjibu kwa niaba yangu, na tangu siku hiyo hajaacha kujibu kwa niaba yangu.

Kuandika ndiko ninakopumulia.

Ndiyo maana Baraka aliponipa kompyuta yake ya zamani niliipokea kwa mikono miwili kama naipokea sakramenti. Baraka ni mtoto wa mjomba, fundi simu kule Masasi, na kwa kuwa ni binamu basi ni mtani wangu, hana staha na mimi hata kidogo. Alinieleza kwamba kuna mtandao ndani ya mtandao, ambako msomaji hajui mwandishi yuko wapi, wala mwandishi hajui msomaji yuko wapi. Unaweka programu inayoitwa ruta. Ruta yako inajuana na ruta za watu wengine duniani, na zote zinapokezana mizigo iliyofungwa, hakuna hata moja inayojua mzigo umetoka kwa nani mwanzo wala utafika kwa nani mwisho. Nikakumbuka marehemu bibi akisimulia walivyokuwa wakishuka bonde la Kitangari kuchota maji, na kwenye kipande kile kikali cha mlima ndoo zikapokezwa mkono kwa mkono, mpaka ya kwako inafika juu hujui imepita kwa akina nani. Nikaelewa.

Ukishakuwa na ruta unachimba mahandaki ya aina mbili. Handaki la mteja ni la kutokea: wewe ndiye unakwenda kwa wenzako kusoma au kupiga soga. Handaki la seva ni la kuingilia: wenzako ndio wanakuja kusoma kurasa ulizoziweka kwenye kompyuta yako, bila kujua ipo chini ya bati gani.

La mteja nililipata mara moja. La seva ndilo lililonitoa jasho kwenye baridi hii.

Mwongozo wote ni wa Kiingereza. Kiingereza changu ni cha shule, kinasoma vizuri kuliko kinavyoongea, kama mwenyewe. Kuna mahali panauliza: wageni wakishafika, tuwapeleke anwani gani? Na hapo pameshajazwa tayari, 127.0.0.1. Nikakumbuka darasa la barua. Mwenzetu mmoja alinakili jina na sanduku la posta la kwenye mfano wa ubaoni, akachekwa na darasa zima, na mwalimu akasema mfano haunakiliwi, weka wako. Basi nikaamini ile ni anwani ya mtu aliyeandika mwongozo. Nikaifuta. Nikaweka ya kwangu, ile ambayo kompyuta imepewa na kisanduku cha waifai cha hapa nyumbani.

Ikagoma.

Nikahangaika mpaka nikagundua kwamba ile programu ndogo inayotunza kurasa zangu nayo inauliza imsikilize nani. Nikachagua wote. Taa ya handaki kwenye kioo ikatoka nyekundu, ikawa njano, ikakaa njano mpaka nikakata tamaa, halafu ikawa kijani. Hiyo ilikuwa Jumatatu. Nilitaka kuona ukurasa unavyokaa kwenye kioo kidogo, na mimi simu yangu ni kitochi, ina tochi na redio basi. Mama alikuwa anakuna nazi. Nikachukua simu yake, nikaandika ile anwani yangu ya nyumbani, ukurasa ukafunguka mzuri kabisa, herufi zimepangika. Nilirudisha simu juu ya kabati huku moyo unacheza.

Shajara, nilifurahia kosa lenyewe.

Sikulijua mpaka leo asubuhi. Mama alikwenda Masasi jana kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa, akalala kwa mjomba. Mimi nikapika uji, nikawasha kompyuta, nikatoka kwa handaki la mteja hadi kwenye chumba cha soga ninachokutana na Baraka. Nikamwandikia kwa majigambo kwamba blogu iko hewani tangu mwanzo wa wiki, kila kitu sawa, mpaka kwenye simu ya mama inafunguka.

"Simu ya shangazi ina ruta?" akaandika.

"Haina."

Nikanywa uji vijiko vitatu, jibu halijaja. Nikadhani umeme umekatika kwao.

"Sasa kama haina ruta," akaandika, "ilipita wapi?"

Nikaitazama ile sentensi. Uji ukapoa.

"Mtani, hilo si handaki," akaendelea. "Hilo ni dirisha, na liko wazi. Handaki lako kweli lipo, wa mbali wanapita humo. Lakini wa karibu hawana haja ya handaki, wanachungulia tu. Yeyote aliye kwenye waifai ya kwenu anaweza kufungua. Kwenu waifai anatumia nani na nani?"

Mtu wa Masasi hawezi kuelewa swali hilo linauma kiasi gani kwa mtu wa huku juu.

Huku maji ni shida tangu enzi. Mwenye bati zuri na tangi la mvua hana uwezo wa kumnyima jirani ndoo. Atasemwa mpaka kaburini. Tangi letu liko pembeni ya mlango wa jikoni, na mama husema mvua ni ya Mungu, yeye katoa bati tu. Sasa alipoleta kile kisanduku cha waifai, watu wakaanza kuuliza, na mama hakuona tofauti. Bando nimeshalinunua, alisema, liko hapo linatiririka, nimnyime mtu? Nywila akaibandika ukutani juu ya bomba la tangi. Siku hizi mtu anakuja na ndoo na simu, ndoo inajaa na video inashuka, safari moja.

"Anayechota maji," nikamjibu Baraka.

"Ndiyo nani?"

"Mtaa."

"Pole, mtani. Umechimba handaki mpaka ng'ambo ya dunia, ukuta wa uani umesahau."

Sasa nikuambie kilichokuwa kwenye ukurasa wa kwanza, ambao mtaa mzima ungeweza kuusoma. Niliandika hivi:

Mama yangu hunijibia. Nikiulizwa jina, anajibu yeye. Nikiulizwa kama nimeshiba, anajibu yeye, tena anajibu kwamba bado. Ni kama redio iliyopotelewa na kitufe cha kuzima. Nampenda, lakini kuna siku natamani kuisikia sauti yangu kabla ya kuisikia ya kwake.

Hayo tu. Ukiyasoma wewe uliye mbali, ni maneno ya binti mmoja kuhusu mama mmoja. Akiyasoma jirani, ni Mwalimu, yule mwenye sauti ya kwaya, kasemwa na mwanawe wa pekee. Na akiyasoma mama mwenyewe, aliyesimama mbele yangu miaka yote hii kama mwavuli, basi mwavuli utajua kwamba aliyekuwa chini yake alikuwa anatamani kulowa.

Majirani niliwaogopa. Mama nilimwogopa zaidi.

Maana nilikumbuka. Jumatano, akiwa anasahihisha madaftari, aliniuliza bila kuinua kichwa, "Unaandika nini siku hizi?" Nikasema hamna. Alhamisi wakati wa kula akaniuliza tena, kwa njia nyingine, kama kuna jambo nataka kumwambia. Hamna. Jana asubuhi akiwa tayari na pochi yake, kosta inapiga honi barabarani, akageuka mlangoni akanitazama kama anataka kusema kitu. Mama yangu, anayetaka kusema kitu na asikiseme! Nilidhani anaumwa.

Na zile simu, ukifungua ukurasa mara moja, zinakuwekea kialama chake pale mbele kwenye kioo, kama mtoto anayeonyesha mgeni kitu kilichofichwa uvunguni.

Baraka akaandika: "Shangazi yuko hapa sebuleni anakunywa chai. Simu kaiweka mezani. Nimwombe nimtazamie chaji, nikifute kile kialama cha ukurasa?"

Niliandika ndiyo. Nikaifuta kabla ya kuituma. Nikaiandika tena. Lakini asubuhi nzima nilikuwa nalia kwa sababu mtu anaweza kufungua kitu changu bila kubisha. Ningemtumaje mtu akafungue cha mama?

"Usiguse simu ya mama," nikatuma.

"Sawa, bosi. Basi funga la kwako, kabla kosta haijamfikisha. Shangazi anapanda ya saa nne."

Nikafunga. Kwanza nilizima kila kitu, taa zote zikawa nyekundu, nikapumua. Halafu nikamwuliza Baraka ile anwani ya kwenye mfano ni ya nani hasa. Alicheka kwa herufi nyingi. Akasema si ya mtu. 127.0.0.1 ni namna kompyuta yoyote duniani inavyosema mimi. Ukimwelekeza mgeni pale, unamwambia ruta iliyo ndani ya kompyuta hii ampeleke kwenye kurasa zilizo ndani ya kompyuta hiihii, pasipo kutoka nje hata hatua moja.

Nililifuta neno mimi nikidhani ni la mtu mwingine. Nimelifikiria jambo hilo mchana kutwa.

Nikalirudisha. Kwenye ile programu ya kurasa nikaondoa wote, nikaandika ijisikilize yenyewe tu. Kwenye handaki la seva nikaweka tena ile anwani ya mfano. Nikahakikisha na lile handaki la mteja linapokea kutoka kompyuta hii pekee, maana nalo nililiacha wazi kwa nyumba nzima, jirani angeweza kutokea kwangu kwenda anakotaka. Nikawasha.

Njano.

Ruta ikiwashwa upya inabidi kusubiri ijuane tena na wenzake, na kwa mtandao wetu inajuana polepole kama mimi. Nikaosha vyombo. Nikafagia uani, majani yakiwa yameloa ukungu hayafagiliki. Kwa jirani mashine ya salfa ilikuwa inanguruma, wanapuliza mikorosho, na ule unga wa njano ukawa unaelea ndani ya ukungu mweupe. Niliporudi, taa ilikuwa kijani.

Nikatoka kwa handaki la mteja, nikaita anwani yangu ile ndefu isiyosomeka, herufi na tarakimu kama mtu kapiga chafya kwenye kibodi. Fikiria safari hiyo: natoka chumbani kwangu, napokezwa na watu nisiowajua sehemu nisizozijua, nazunguka huko, narudi kubisha kwenye kompyuta ileile niliyoikalia. Ilichukua muda. Halafu ukurasa ukafunguka, mstari kwa mstari.

Bado nusu. Nilitakiwa kujua kama dirisha limefungwa, na kwa hilo nilihitaji simu ya mtu mwingine iliyo kwenye waifai yetu.

Yaani nilihitaji kumwomba mtu.

Mama Tumaini alikuwa kwenye tangi. Ni jirani wa nyumba ya tatu, mama wa maneno, simu haimtoki mkononi hata akichota maji. Nilisimama nyuma ya mlango wa jikoni mpaka ndoo yake ikakaribia kujaa. Nikatoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akageuka akatazama kulia na kushoto. "Nani kasema?"

"Ni mimi."

"Kumbe leo redio imekwenda Masasi, sasa tunasikia kituo kingine."

Redio? Amesoma. Kumbe amesoma. Halafu nikakumbuka kwamba mama anaitwa redio na mtaa mzima, tangu zamani, na mwenyewe anajua na anacheka. Mimi nilikopa tu.

"Naomba simu yako kidogo. Nataka kuangalia kitu."

"Angalia. Usinifutie picha za harusi."

Niliandika ile anwani ya nyumbani kwa vidole vilivyoganda. Duara likazunguka. Likazunguka. Likasema ukurasa haupatikani.

"Haifunguki," nikasema.

"Pole, mwanangu. Mtandao wa leo ni wa ukungu."

"Hapana, mama. Ndivyo nilivyotaka, isifunguke."

Mama Tumaini alinitazama kwa huruma nyingi sana. Akapokea simu yake, akajitwisha ndoo, akaondoka akisema msichana huyu akiongea ni afadhali anyamaze. Alisema kwa sauti, ili nisikie. Na mimi, shajara, nilicheka mwenyewe pale kwenye tangi, nimeshika ukuta.

Mama alifika mchana. Hakuwa peke yake. Alikuja na Mama Upendo, mwenzake wa kanisani anayekaa Chilangala, aliyeshuka naye kwenye kosta akasema atapumzika kidogo kwanza. Nikawapokea mizigo. Mama alikuwa na furushi la ming'oko, vile viazi vya porini, na begi. Nikasema nipe na simu niiweke kwenye chaji, akanipa bila kuniangalia. Kialama kilikuwepo pale mbele. Nikakibonyeza. Haupatikani. Nikakiondoa. Mikono yangu ilikuwa inanuka moshi na nikawa nashukuru Mungu kimyakimya, nikijua kabisa kwamba kufunga dirisha leo hakumfuti aliyechungulia jana.

Nikawapelekea chai. Nikakaa kwenye kigoda karibu na mlango, mahali pangu.

Mama Upendo akasema, "Na huyu binti yetu, si alimaliza mwaka jana? Anaelekea wapi sasa?"

Hapa unatakiwa kuijua nyumba yetu. Swali la namna hiyo huwa halifiki kwangu. Mama hulidaka likiwa bado hewani, akaeleza matokeo, akaeleza tahasusi, akaeleza na kwamba napenda kukaa ndani. Mimi hutabasamu. Nimezoea kutabasamu hivyo mpaka mashavu yanajua yenyewe pa kuanzia.

Leo swali lilikuja likatua katikati ya sebule, na hakuna aliyelidaka.

Nikamtazama mama. Alikuwa anapuliza chai. Chai yenyewe haikuwa na moto wa kupulizwa hivyo. Hakuinua macho. Kwa mbali ile mashine ya salfa ikawa inanguruma, inakata, inanguruma.

Nikajua. Wakati uleule, kabla ya chochote kingine, nikajua kwamba amesoma.

"Nasubiri kupangiwa," nikasema. Sauti ilitoka kama ya mtu aliyeamshwa. "Nikipata, nataka kusoma mambo ya kompyuta."

"Kompyuta!" Mama Upendo akaweka kikombe chini. "Mama Zawadi, kumbe anaongea?"

Mama akanywa funda. "Muulize mwenyewe," akasema.

Akaniuliza. Akauliza kompyuta zinaliwa, na mimi nikasema haziliwi ila zinalisha, akacheka mpaka kilemba kikasogea. Sikujua kama ninaweza kumchekesha mtu mzima. Nilisahau maneno katikati mara kadhaa, nikanyamaza, na kile kimya hakikujazwa na mtu. Nilikijaza mwenyewe nilipoweza. Nilimwona mama akishika kiti chake kwa mkono mmoja, kama mtu anayejizuia asinyanyuke.

Mama Upendo alipokwisha kuondoka tukabaki jikoni, mama anaosha vikombe, mimi nakausha.

"Mama."

"Naam."

"Umesoma?"

"Nimesoma nini?"

"Kwenye simu."

Aliosha kikombe ambacho kilikuwa kimeshaoshwa. "Nilitaka kutafuta wimbo wa kwaya," akasema. "Nikaona kitu kigeni pale, nikabonyeza. Nilisoma mstari wa kwanza tu, nikafunga. Niliona kama nimekukuta unaoga."

Alinipa kikombe.

"Ila hiyo redio," akasema. "Redio gani isiyozimika, na umeme wetu huu?"

Nikamtazama. "Redio haiko mstari wa kwanza, mama."

"Iko wa ngapi?"

"Mbele huko."

"Haya, macho hayana pazia." Alikuwa anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, upande wa pili bado haujakubali. "Lakini mkono ninao. Nilipofika kwenye redio ndipo nikafunga. Kweli."

"Iliuma?"

"Kidogo. Kama salfa machoni. Unapepesa, inapita." Akamwaga maji ya kuoshea nje ya mlango, akarudi. "Nikakuuliza na wewe, Jumatano. Ukasema hamna. Nikauliza tena, hamna. Nikasema basi, mtu akibisha na asiitikiwe, anaondoka."

Kumbe alikuwa anabisha. Wiki nzima mama alikuwa anabisha, na mimi nilikuwa nimejikita kuchimba mlango wa watu wa ng'ambo.

Nikafikiri: amefunga kwenye redio. Maana yake sentensi inayofuata redio hajaifikia. Na sasa nimefunga dirisha, hawezi tena kuifikia hata akitaka.

"Baada ya redio," nikasema, "kuna maneno mengine."

"Yanasemaje?"

Koo likafunga. Lile koo langu la darasa la kwanza. Nilikausha kikombe ndani, nikakausha nje, nikakausha kishikio, nikakirudia ndani. Mama hakunisaidia. Alisimama tu, na maji yanachuruzika kwenye vidole.

"Yanasema nakupenda."

Kwetu hatusemeani hivyo. Tunapakuliana. Tunaulizana umekula. Neno lenyewe lilikaa pale jikoni kama mgeni asiyejua akae wapi.

Mama akajifuta mikono kwenye khanga, taratibu.

"Haya," akasema. "Kausha na hizo sahani."

Nikakausha na sahani. Sijawahi kukausha sahani vizuri namna ile.

Sasa ni jioni na naandika haya nikiwa chumbani. Nilimwambia mama kwamba nitaendelea kuandika, na kwamba yeye atakuwemo, kwa jina la kuazima. Alisema nimpe jina zuri. Akauliza kama naweza kumchimbia na yeye kahandaki kake ili asome kama watu wengine, akipiga hodi kistaarabu. Nikasema nitafikiri. Na kweli nafikiri. Taa ya seva ni kijani, ya mteja ni kijani, nimezikagua tena na tena bila sababu, kwa raha tu.

Chumba changu hakina mlango, kina pazia la khanga. Tangu nizaliwe mama huliinua na kuingia huku anaendelea na sentensi aliyoianzia jikoni. Sasa hivi nimesikia kandambili zake zinakuja, nikasogeza kompyuta kumpisha, kama kawaida.

Kandambili zikasimama. Pazia halikutikisika.

"Hodi," akasema.

Nimekawia kidogo kuitikia. Si kwamba koo limefunga. Nilitaka kuisikia tena.

"Hodi humu."

Karibu, Mama.